WAZAZI, TUWAJIBU WATOTO WETU

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike makala ya muhula huu, akasema nichague jambo lolote, mradi liwe na faida kwa wanafunzi na kwa wazazi wao, ambao hulisoma gazeti hili watoto wanapolipeleka nyumbani wakati wa likizo. Nimefikiri sana. Walimu wenzangu wamekwisha andika habari za shamba la shule, za usafi wa mabweni na za kujitayarisha kwa mtihani, nami sina la kuongeza. Basi nimechagua jambo ambalo sisi sote hulionea haya, nalo ni jinsi mzazi apaswavyo kumfundisha mtoto wake mdogo habari za mwili wake na za uzazi. Namwomba msomaji asilifunge gazeti kabla ya kufika mwisho.

Mimi ni mwalimu wa Baiolojia. Kila mwaka nifikapo kwenye somo la uzazi, darasa hubadilika. Wavulana wa nyuma huanza kuchekacheka, wasichana huinamia madaftari yao, na yule ambaye siku zote huwa wa kwanza kunyosha mkono huwa kama aliyemeza ulimi. Kwa hiyo siku moja niliweka sanduku dogo juu ya meza, nikawaambia kila mtu aandike swali lake katika karatasi bila ya kutaja jina. Mengi ya maswali niliyoyapata yalikuwa ya adabu kabisa, lakini yalinisikitisha kwa kuwa yalikuwa yamechelewa. Mmoja aliandika kwamba alipopata hedhi ya kwanza, yu darasa la sita, alidhani amepasuka ndani; akazificha nguo zake chini ya godoro muda wa siku tatu, akingoja kufa. Mwingine, mvulana, aliandika kwamba alipoanza kuota ndoto za usiku alidhani amepata ugonjwa wa aibu, akatoa fedha zake za nauli kununua dawa kwa mtu asiyemjua. Watoto hawa wana baba na mama, hula nao na kulala nyumba moja nao, lakini hakuna aliyewaambia neno.

Labda msomaji atadhani kwamba nyumbani kwangu mambo yalikwenda sawasawa, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa somo hili. La, sivyo. Nami sina budi kulikiri kosa langu kwanza, maana bila ya kulikiri sina haki ya kumshauri mtu.

Binti yangu wa kwanza alipokuwa na umri wa miaka minne, mama yake alikuwa mja mzito. Jioni moja tumekaa barazani, mtoto akaniuliza, "Baba, mdogo wangu ameingiaje tumboni mwa Mama?" Asubuhi ile ile nilikuwa nimechora ubaoni, mbele ya wanafunzi zaidi ya arobaini, picha ya mji wa mimba na mtoto aliyemo ndani yake, nikaeleza kila sehemu bila ya kutetereka. Lakini mbele ya mtoto wangu mmoja nilitetereka. Nikamwambia, "Hayumo tumboni. Tutakwenda kumnunua hospitali." Akanitazama, akasema, "Lakini mimi nimemsikia akicheza." Hapo nikakasirika. Nikamwambia, "Nyamaza. Hayo ni mambo ya wakubwa. Mtoto mwenye adabu haulizi mambo hayo."

Alinyamaza, nami nikafurahi kwamba nimempa adabu.

Miaka miwili ikapita. Karibu na kwetu palikuwa na nyumba iliyokuwa ikiuza barafu za ukwaju, na binti yangu alizipenda kupita kiasi. Ukimpa sarafu tu, alikuwa amekwisha fika huko. Ghafula akaacha kwenda. Nikimtuma akanunulie nyumba nzima, alisema tumbo lamuuma, au alijificha chooni. Mimi nikaona amekuwa mvivu na mkaidi. Siku mbili nilimgombeza, na siku ya tatu nilimshika mkono nikamtoa mlangoni mwenyewe, nikamwambia asirudi bila ya barafu. Alikwenda akilia. Neno hili naliandika kwa uchungu, lakini ndivyo nilivyofanya.

Wiki ile mama yangu alikuja kutoka Kisarawe kula Idi pamoja nasi. Wasomaji wanajua jinsi bibi na mjukuu wanavyotaniana. Usiku walilala kitanda kimoja, na asubuhi, kabla hatujanywa chai, mama akaniita uani. Akaniambia kwamba katika nyumba ile ya barafu kulikuwa na kijana mkubwa ambaye alimwita mtoto ndani, akamtaka avue nguo wacheze mchezo wa siri. Mtoto aliogopa akakimbia. Nashukuru kwamba alikimbia. Na siku nilipomlazimisha kurudi, alikuwako mama wa nyumba mlangoni. Hakupata dhara la mwili.

Nikamwuliza mama yangu, kwa hasira na aibu, "Kwa nini hakuniambia mimi, baba yake?"

Mama akanijibu, "Nimemwuliza hilo. Amesema, Baba alikataza kuyasema mambo hayo."

Tulilipeleka jambo lile kwa wazee wa nyumba ile, kisha kwenye serikali ya mtaa na kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi, nalo likashughulikiwa. Lakini neno la mtoto halijanitoka mpaka leo. Alikuwa amenitii. Mlango ambao angepitia kuniletea shida yake niliufunga mimi mwenyewe, siku ile ya barazani, kwa uongo mmoja na karipio moja.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema katika makala hii. Watu wengi wakisikia habari ya kuwafundisha watoto mambo ya uzazi, hudhani kinachotakiwa ni kuwajaza elimu kubwa kabla ya wakati wake. Mimi naona kinachotakiwa hasa ni mtoto ajue, tangu angali mdogo, kwamba habari za mwili wake zina mtu wa kuambiwa, na mtu huyo ni mzazi wake. Mtoto akidanganywa katika jambo dogo, hatakuja na jambo kubwa.

Mama yangu alikuwa kungwi katika siku zake, nami nilimwuliza wao walikuwa wakifanyaje. Akaniambia, "Sisi kazi hii ilikuwa na wenyewe." Ni kweli. Kwa Wazaramo, kama kwa Wamakonde, Wayao na Wamakua, msichana alichezwa unyago, akafundwa na kungwi. Wavulana nao walikwenda jandoni. Pwani msichana alikuwa na somo wake. Huko Buganda kazi hii ilikuwa ya ssenga, yaani shangazi, dada yake baba. Marehemu Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, ulimwengu ulimjua kwa taarabu, lakini kwao alijulikana pia kwa kazi ya unyago. Baba na mama walikaa kando kwa heshima, nao waliweza kukaa kando kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine aliyejulikana ambaye zamu ilikuwa yake.

Mambo hayo ya zamani yalikuwa na kasoro zake pia. Mara nyingi mafundisho yalikuja mtoto amekwisha balehe, tena mara nyingi yalimpeleka msichana moja kwa moja kwenye ndoa angali mdogo. Mama yangu mwenyewe alikubali. Alisema, "Yule wa miaka sita hatukuwa na la kumwambia. Lakini wakati huo kila mtu kijijini alikuwa jicho lake." Leo bibi yuko Kisarawe na mjukuu yuko Temeke, huonana siku ya Idi. Shangazi yuko kazini Mwanza. Kungwi anaitwa siku chache kabla ya harusi, tena kwa malipo. Nyumba moja ina wapangaji sita wasiojuana kwao. Na simu ya mkononi, yenye kila picha nzuri na kila picha mbaya, imelala juu ya meza, mtoto aifikia. Zamu imeachwa wazi. Asipoishika mzazi, wapo wengi walio tayari kuishika, nao si watu wema. Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Wala tusidhani hatari hii ni ya nyumba chache zenye bahati mbaya. Mwaka 2009 ulifanywa uchunguzi mkubwa nchini Tanzania juu ya ukatili kwa watoto, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2011. Vijana wenye umri wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa, na karibu wasichana 3 katika kila 10 walisema kwamba walifanyiwa ukatili wa kingono walau mara moja kabla ya kufika miaka 18. Kwa wavulana idadi ilikuwa zaidi ya 1 katika kila 10, jambo ambalo latukumbusha kwamba mtoto wa kiume naye ahitaji kulindwa. Nchini Kenya uchunguzi kama huo wa mwaka 2010 ulipata wasichana 32 na wavulana 18 katika kila 100. Watoto wengi kati ya hao hawakumwambia mtu yeyote.

Sasa, mzazi atauliza, tuseme nini na kwa umri gani? Mafundisho haya ni kama chakula. Mtoto mchanga hunyonya, kisha hupewa uji, kisha wali laini, na makande huja meno yakiwa yametimia. Hakuna mama ampaye mtoto wa miezi sita makande, wala hakuna mama amwachaye na njaa ati kwa kuwa makande hayamfai. Nami nitaeleza kwa ufupi tulivyofanya nyumbani kwetu baada ya kosa lile.

Mtoto wa miaka miwili hadi minne hujifunza majina ya viungo. Twamwambia hii ni pua, hili ni goti. Basi twamwambia kadhalika huu ni uume, au huu ni uke, kwa sauti ile ile, wakati wa kumwogesha. Majina ya mzaha kama kitumbua na dudu yafaa kuachwa, kwa sababu mtoto akisema mtu amemgusa kitumbua, mwalimu wake atadhani ni habari za chakula. Tena afundishwe kwamba viungo hivyo hufunikwa kwa nguo, na kwamba anayevigusa ni yule amsafishaye tu, au mganga mbele ya mzazi. Afikapo miaka minne au mitano ajifunze kujisafisha mwenyewe.

Mtoto wa miaka mitano hadi saba huuliza ametoka wapi. Ajibiwe kweli, kwa kadiri ya swali lake. Ameuliza mtoto hukaa wapi? Mwambie, ndani ya mama kuna mahali paitwapo mji wa mimba, huko ndiko mtoto hukua mpaka miezi tisa. Ameuliza hutokaje? Mwambie, mama ana njia ya kuzalia, na wakunga humsaidia. Akitosheka atakwenda kucheza. Usimfuate kwa hotuba. Umri huu pia ndio wa kumfundisha kwamba mtu mkubwa hamwekei mtoto siri. Akiambiwa, "Usimwambie Mama," basi hilo ndilo la kumwambia Mama kwanza. Na mtu yeyote akitaka kumshika au kumwona utupu wake, awe mjomba, awe jirani, awe mwalimu, apige kelele, akimbie, aseme. Na hata akishindwa kukimbia, ajue kosa si lake, wala hatapigwa kwa kusema.

Mtoto wa miaka minane hadi kumi aelezwe mabadiliko ya mwili kabla hayajamfika. Wasichana huanza kubadilika kati ya miaka 8 na 13, na wavulana kati ya 9 na 14. Basi mwenye kungoja darasa la saba amekwisha chelewa. Msichana aonyeshwe pedi au kitambaa safi na namna ya kukitumia. Mvulana aelezwe kwamba sauti itavunjika na kwamba ndoto za usiku si ugonjwa wala uchawi. Na wote wawili waambiwe kwamba kuanzia wakati huo mwili waweza kupata mtoto, lakini moyo na akili bado ni za mtoto. Mtoto wa umri huu aweza pia kuambiwa kwa maneno machache jinsi mbegu ya baba inavyokutana na yai la mama, na kwamba jambo hilo ni la watu wazima.

Najua yatakayosemwa. Wa kwanza watasema kwamba kumwambia mtoto ni kumwamsha aliyelala. Mimi nilidhani hivyo pia. Lakini watu wamelichunguza jambo hili katika nchi nyingi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, lilitoa mwongozo wa mafundisho haya mwaka 2009, likautoa tena mwaka 2018 baada ya kuurekebisha, nao waanza na watoto wa miaka mitano. Uchunguzi uliokusanywa humo waonyesha kwamba kufundishwa hakuwaharakishi vijana kuanza mambo ya kikubwa. Na mimi kwa macho yangu nimeona kwamba mwanafunzi aliyejibiwa nyumbani ndiye asiyecheka darasani.

Wa pili watasema hii ni desturi ya kigeni. Wasome historia. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utendi wa kumfunza maisha ya ndoa, naye hakungoja mgeni kumwambia kwamba mama aweza kumfunza mwanawe.

Wa tatu watasema dini yakataza. Mimi ni Mwislamu, nami nilimwendea maalimu wetu wa chuoni nikamwuliza. Alinikumbusha kwamba katika Sura ya Nur watoto ambao hawajabalehe wameamriwa waombe ruhusa ya kuingia nyakati tatu ambazo wakubwa huwa wamevua nguo, na kwamba Mtume alifundisha watoto watengwe malazi wafikapo miaka kumi. Akaniuliza, "Sasa, mwalimu, utamweleza mtoto sababu, au utamwamuru kama ng'ombe?" Vitabu vya fiqhi hutaja hedhi, janaba na tohara kwa majina yake, mbele ya wavulana na wasichana. Wenzetu Wakristo nao wajua kwamba Biblia haifichi habari za mimba na kuzaa. Haya ni jambo jema, lakini haya humfundisha mtu kusema kwa staha. Haimfundishi kusema uongo.

Akina baba wenzangu, nina neno kwenu. Sisi twapenda kusema, "Mwulize mama yako." Mvulana akikosa neno la baba yake, hujifunza uanaume kwa vijana wa kijiweni, na mtoto wa mtu mwingine ndiye atakayelipa. Yule kijana wa nyumba ya barafu naye alikuwa na baba. Mara nyingi najiuliza kama baba yake aliwahi kumwambia neno lolote juu ya mwili wa mtu mwingine na heshima yake.

Na ninyi wanafunzi, msiseme kwamba makala hii ni ya wazee. Wengi wenu mna wadogo zenu, na likizoni ninyi ndio mnaowaogesha na kuwapeleka dukani. Wakiwauliza, msiwacheke. Wakikataa kwenda mahali walipokuwa wakipapenda, msiwaite wavivu. Kaeni nao, waulizeni kwa upole. Tena wakumbukeni namba ya simu 116, ya kuwasaidia watoto, ambayo hupigwa bure, Tanzania na Kenya pia.

Binti yangu sasa ana miaka tisa. Juzi, tukitoka sokoni, aliniuliza swali gumu mbele ya abiria wenzetu katika daladala, kwa sauti ya kusikika. Mama mmoja akageuka kunitazama. Jasho lilinitoka, sitaficha. Nikamwambia, "Swali lako ni zuri. Tukifika nyumbani nitakujibu." Tulipofika nilitua kikapu, nikanywa maji, nikatamani asahau. Hakusahau. Alivuta kigoda akakaa mbele yangu, nami nikamjibu.